Habari za Klabu ya Karen: Shamba, Gofu na Wafanya Kazi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wanaofanya kazi katika klabu na hoteli. Tumeyachapa kwa kuwa wengi hawakuweza kufika.)

Ndugu Wanachama,

Tumeombwa tueleze habari za klabu za gofu: zilianzaje, ardhi yake ilitoka wapi, na ni nani waliofanya kazi humo. Ombi hili limetoka kwa vijana wetu wanaokata majani na kubeba mifuko ya wachezaji. Wanasema kwamba ukiingia ndani ya klabu utaona picha za wenyeviti ukutani, na majina ya washindi yameandikwa kwa rangi ya dhahabu juu ya mbao, lakini jina la mzee aliyepika miaka thelathini halimo. Neno hilo ni la haki, nasi tumelikubali.

Tumechagua klabu moja, nayo ni Karen Country Club, iliyoko upande wa Ngong nje kidogo ya mji wa Nairobi. Hatukuichagua kwa kuwa ni mbaya kupita nyingine. Tumeichagua kwa kuwa habari za ardhi yake ziliandikwa, tena na mwenye shamba mwenyewe, na hivyo twaweza kuzifuata hatua kwa hatua bila kubahatisha.

Kwanza habari za gofu yenyewe. Mchezo huu ulikuja nyuma ya reli. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na baada ya miaka saba tu, yaani 1906, Waingereza walikuwa wameanzisha klabu yao ya gofu mjini. Klabu hiyo ilipewa jina la kifalme na Mfalme George wa Tano mwaka wa 1935, na mpaka leo uwanja wake unapakana na Kibera. Mwaka huo huo wa 1906 Serikali ilitoa sheria ya Mabwana na Watumishi. Kwa sheria hiyo mtumishi aliyeacha kazi kabla ya mapatano kwisha, au aliyekataa amri ya tajiri wake, hakudaiwa tu kama mtu aliyevunja mapatano. Alifanywa mhalifu, akatozwa faini au akafungwa. Basi mchezo na sheria vilizaliwa pamoja. Klabu ya Muthaiga ilifuata, ikafunguliwa usiku wa kuamkia mwaka wa 1914.

Siku zile klabu haikuwa mahali pa mchezo tu. Masetla walikaa mbalimbali, kila mmoja shambani kwake, na klabu ndiyo iliyokuwa baraza lao. Hapo walikutana wakanywa, wakajadili bei ya kahawa, na wakapatana habari za mishahara yetu. Mwaka wa 1921, bei za mazao zilipoanguka, masetla walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Hatusemi kwamba neno hilo lilikatwa ndani ya klabu hii au ile. Twasema tu kwamba wao walikuwa na mahali pa kukutania, na sisi hatukuwa napo. Harry Thuku alipojaribu kutupatia mahali hapo katika chama chake, alikamatwa, na tarehe 16 Machi 1922 watu waliokusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walihesabu zaidi. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Sasa twende Karen.

Ardhi ambayo leo ina klabu, na nyumba kubwa za mtaa ule, zamani ilikuwa shamba la kahawa la kampuni iliyoitwa Karen Coffee Company. Msimamizi wake alikuwa mama Mdenmark, Karen Blixen, aliyefika Mombasa Januari 1914. Shamba lilikuwa na ekari kama 6,000. Ekari 600 hivi zilipandwa kahawa, na kama ekari 1,000 zilikuwa za maskwota, Wakikuyu wengi wao, waliolima mashamba yao madogo hapo na kuchunga ng'ombe na mbuzi. Kuhusu jina la Karen watu hubishana. Wako wasemao mtaa umeitwa kwa jina la mama huyu, na wako wasemao umefuata jina la kampuni, na kampuni iliitwa kwa jina la binti mwingine wa ukoo wake. Sisi hatuna haja ya kuamua. Tungependa zaidi kujua mahali pale paliitwaje na wale waliokuwapo kabla.

Skwota ni nani? Vijana wengi leo hawajui, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Serikali ya kikoloni ilitangaza kwa sheria za 1902 na 1915 kwamba ardhi ni ya Mfalme, na Mfalme akawapa masetla. Ile ya 1915 iliruhusu hati za kukodi ardhi kwa miaka 999. Mtu aliyekuwa akikaa na kulima pale aliambiwa kwamba hana haki ila ya kukaa kwa ruhusa. Kisha ikaja sheria ya 1918 iliyosema kwamba Mwafrika hawezi kukaa katika shamba la Mzungu ila akimfanyia kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Siku 180, ndugu, ni nusu ya mwaka. Alilipwa kitu kidogo kwa siku hizo. Katika shamba la Karen malipo yalikuwa shilingi 12 kwa kila siku 30. Lakini hakuweza kusema, “Mshahara huu hautoshi, naenda zangu,” kwa kuwa nyumba yake, mke wake, mahindi yake na mbuzi wake wote walikuwa ndani ya mapatano hayo. Ukiacha kazi umeacha kwenu.

Juu ya hayo kulikuwa na kipande. Wazee waliopo hapa wanakijua, au walisikia kwa baba zao. Sheria yake ilitolewa 1915, ikaanza kushika kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole, jina la tajiri wake, mshahara na tarehe, ndani ya kikopo cha bati alichovaa shingoni. Usipotiwa sahihi ya kuachiliwa huwezi kuandikwa kazi mahali pengine, na ukiondoka bila sahihi umetoroka, na polisi watakutafuta. Mambo yakaenda hivyo mpaka sheria ya 1947 ilipoleta kitambulisho cha watu wa rangi zote.

Lazima tuseme kweli juu ya mama Blixen, kwa kuwa katika mikutano yetu mtu hupenda kuwagawa watu mara moja, huyu mwema, huyu mbaya. Alikuwa tajiri wa shamba chini ya sheria hizi, na alizitumia kama wenzake. Lakini aliona. Katika kitabu chake aliandika kwamba maskwota wengi walizaliwa pale pale, na baba zao kabla yao, na kwamba yamkini wao walimhesabu yeye kuwa skwota mwenye cheo juu ya ardhi yao. Tungetamani watu wa Serikali wangeandika maneno kama hayo katika vitabu vyao vya hati.

Shamba halikufaulu. Mahali penyewe pako juu mno kwa kahawa, zaidi ya futi 6,000, na udongo haukuipenda. Mwaka wa 1923 kinu cha kahawa kiliungua. Palikuja ukame, palikuja nzige, kisha bei ya kahawa ikaanguka duniani kote. Mwaka wa 1931 kampuni ililiuza shamba, na mnunuzi alikuwa bwana Remy Martin, ambaye hakutaka kahawa. Alitaka kulikata vipande viwe viwanja vya nyumba za Wazungu wanaofanya kazi Nairobi.

Hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Shamba likiuzwa, maskwota wanakuwaje? Kisheria hawakuwa kitu. Walipewa notisi ya kuondoka baada ya miezi, na kila jamaa ilitakiwa ijitafutie mahali. Wao wakakataa kutawanywa. Hawakukataa kwa silaha, bali walikwenda kwa mama Blixen kila siku wakaketi mbele ya nyumba yake wakamwambia kwamba wanataka kukaa pamoja, kama walivyokaa, wenye kujuana na mifugo yao. Hawakuwa na haki ya kununua ardhi hata kama wangeichangia fedha, kwa kuwa sheria haikumruhusu Mwafrika kununua ardhi pale. Mama yule akaanza kuzunguka katika ofisi za Serikali, kutoka karani hadi Gavana, na mwisho Serikali ikakubali kuwapa sehemu ya msitu wa Dagoretti ili wahamie kwa pamoja.

Katika vitabu na katika sinema ya 1985, jambo hili husimuliwa kama ukarimu wa mama mmoja, naye kweli alijitahidi, hatumnyimi. Lakini tazameni mambo kwa jicho la chama. Watu wasio na hati, wasio na kura, wasio na wakili, walikataa kugawanywa mmoja mmoja, wakadai jambo moja, wakalirudia kila siku mpaka likasikiwa. Wangekubali kila mtu aende kivyake, msitu wa Dagoretti usingetajwa.

Basi ardhi ikawa tupu, kwa maana ya wenye hati. Mwaka wa 1937 ikaanzishwa Karen Country Club. Mwaka wa 1937 pia ndipo kitabu cha mama Blixen kilipotoka huko Ulaya. Na mwaka huo huo ikapitishwa sheria mpya ya maskwota, iliyowapa masetla katika mabaraza yao ya wilaya nguvu ya kupunguza mifugo ya maskwota na kuongeza siku za kazi kutoka 180 mpaka kufikia 270. Mwaka mmoja, mambo matatu. Vitabu vya historia huyaweka katika sura mbalimbali, ndiyo maana hatuoni kwamba yalikuwa jirani.

Kazi ya klabu za namna hii ilikuwaje? Tunasema sasa habari za klabu za Wazungu kwa jumla. Mwafrika hakuweza kuwa mwanachama, wala Mhindi. Wahindi na Wagoa walijijengea klabu zao. Viwanja vya nyumba katika mitaa ya Wazungu navyo vilikuwa na masharti ndani ya hati kwamba visiuzwe kwa mtu wa rangi nyingine. Mwafrika aliingia klabuni kwa mlango wa jikoni, na aliitwa boi hata akiwa na wajukuu. Alivaa kanzu nyeupe na tarabushi, akatembea bila kelele. Mwanachama hakulipa kwa fedha. Alitia sahihi juu ya chiti, na hesabu ililetwa mwisho wa mwezi. Twawaza mara nyingi habari za chiti ile. Bwana alikunywa leo akalipa mwisho wa mwezi, na ahadi yake iliaminiwa kwa sahihi tu. Mpishi aliyetaka kwenda kwao kumzika mama yake, yeye alitafuta sahihi katika kipande.

Na nje palikuwa na uwanja. Watu hudhani majani ya gofu huota yenyewe. Uwanja kamili una mashimo 18, na mchezaji akizunguka wote ametembea kilomita sita au saba au zaidi. Mpaka zamani, katika viwanja vingi vya nchi hii, mahali pa shimo hapakuwa na majani ila mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, ukasawazishwa kwa kuburuta mkeka au gunia. Ni nani aliyeburuta? Kijana wa kubeba mifuko, yaani kedi. Siku hizi mahali pa shimo pana majani, na lazima yakatwe mafupi kama zulia kabla wachezaji hawajafika, kwa hiyo mwenye mashine yuko kazini alfajiri, miguu imelowa umande. Dawa za kuua magugu na wadudu hupigwa na mtu, na mtu huyo ana mapafu.

Mfuko wa mchezaji waweza kuwa na fimbo mpaka 14, hiyo ndiyo sheria ya mchezo. Kedi hubeba mfuko, huutafuta mpira majanini, husoma mteremko wa ardhi, humwambia mchezaji apige fimbo gani. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walijifunza mchezo wakiwa makedi, kwa fimbo za kuazima. Mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka wa 1967 pale Muthaiga, na mwaka wa 2019 yalipoingia katika mashindano makubwa ya Ulaya yalichezwa Karen. Watu wa nchi nyingi waliutazama uwanja ule. Sisi tulitazama majani, tukasema, kazi hiyo ni ya watu wetu.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 1 Mei 1949, Makhan Singh na Fred Kubai walianzisha shirika la vyama vya wafanya kazi la Afrika Mashariki. Mwezi wa Machi 1950, mji wa Nairobi ulipopewa hati ya kuwa jiji kwa sherehe kubwa, shirika hilo liliwaomba wafanya kazi wasihudhurie. Mwezi wa Mei viongozi hao wawili walikamatwa, na Nairobi ikagoma. Moja la madai yao lilikuwa mshahara usiopungua shilingi 100 kwa mwezi. Makhan Singh hakuona tena uhuru wake mpaka 1961. Kisha ikaja Hali ya Hatari ya 1952, na tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzingira mji wa Nairobi wakakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu. Kambi moja ya kuwachuja watu ilikuwa Langata, jirani wa Karen. Kamante Gatura, aliyejifunza kupika katika jiko la mama Blixen tangu utotoni, naye alifungwa katika siku zile za Mau Mau. Yeye ana bahati moja ambayo wapishi wengine hawakuipata, kwa kuwa kitabu cha hadithi zake mwenyewe kilitolewa 1975. Wapishi wangapi walikuwako, na vitabu vingapi?

Baada ya Uhuru milango ya klabu ilifunguka, na leo wanachama na wenyeviti ni watu wa rangi zote. Jambo hilo ni jema, nasi hatulidharau. Lakini rangi ya mwanachama si mshahara wa mkata majani. Mwafrika mwenzetu akitia sahihi kwenye chiti, glasi bado yataka kuoshwa.

Hapa mtu ameuliza, historia hii yote yatusaidia nini mwisho wa mwezi? Ameuliza vizuri, nasi tutajibu kwa sheria.

Katika klabu fulani, ambazo hatutazitaja hapa, tumekuta watu wa uwanjani walioandikwa kuwa vibarua kwa miaka. Wanaitwa asubuhi, wanalipwa kwa siku, na kesho wanaitwa tena, kana kwamba hawajaonekana kamwe. Sheria ya Kazi ya 2007 inasema kwamba kibarua ni mtu anayeandikwa kwa muda usiopita saa 24 na kulipwa mwisho wa siku. Kifungu cha 37 chasema kwamba akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia jumla ya mwezi mmoja au zaidi, au akifanya kazi ambayo kwa akili ya kawaida haiwezi kumalizika kabla ya jumla ya miezi mitatu, basi yeye si kibarua tena. Ni mwajiriwa, na hawezi kuachishwa bila notisi ya maandishi ya siku 28. Je, majani ya uwanja wa gofu humalizika lini kukatwa? Andikeni siku zenu za kazi katika daftari, kila siku, na jina la nyapara aliyewaita. Tajiri ana daftari lake. Mkiwa hamna lenu, la kwake ndilo litakaloaminiwa.

Habari za makedi ni ngumu zaidi, na hatutaki kuwadanganya. Klabu husema, “Kedi si wetu, alipwa na mchezaji.” Na sheria yasema mwajiriwa ni mtu aliyeandikwa kwa mshahara au ujira. Lakini tunauliza: ni nani anayempa kedi namba na nguo? Ni nani anayeweka bei ya kubeba mfuko? Ni nani anayepanga zamu, na anayeweza kumfukuza asionekane tena langoni? Mahali ambapo majibu yote ni klabu, tunayo hoja ya kupeleka mbele. Mahali ambapo majibu yamechanganyika, twataka kwanza makubaliano ya maandishi juu ya bei, juu ya matibabu ya aliyepigwa na mpira, na juu ya njia ya kusikiliza mashtaka kabla mtu hajafukuzwa. Makedi waliosema kwamba wataenda kuzungumza mmoja mmoja na mkubwa wao, tunawaomba wakumbuke watu waliokwenda Dagoretti.

Kwa wale wa jikoni, baa, vyumba na uwanjani: sheria ya mahusiano ya kazi, nayo ya 2007, yamlazimu tajiri kukitambua chama kinachoandikisha zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaoweza kuwa wanachama. Katika klabu yenye watu 80 wa namna hiyo, 40 hawatoshi. Yatakiwa 41. Katika klabu mbili tulizozitembelea tumebakiwa na watu wachache sana, na wengine wao wamo humu ndani wamekaa nyuma.

Jambo la mwisho ni hili. Tunataka kuandika majina. Kila mwenye baba, mama au babu aliyefanya kazi katika klabu yo yote ya nchi hii, akiwa na kipande cha zamani, barua ya kuachishwa kazi, picha ya watumishi wamesimama mbele ya jiko, au akumbuka tu jina na kazi na miaka, alete kwa Katibu siku ya Jumamosi kabla ya saa saba mchana. Katibu atanakili na kurudisha karatasi hapo hapo, hatutabaki nazo. Wazee wasioweza kufika watembelewe na mjumbe wa tawi akiwa na daftari.